Mtihani Uliochapwa Saa Nane Usiku

Chole, Kisarawe
18 Agosti 2024

Mpwa wangu Stellamaris,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Chole tu wazima kiasi. Mama Anjela anaumwa jino wiki ya pili sasa, hataki kwenda kung'oa, anatafuna upande mmoja na kuninunia pande zote mbili. Mihogo imekubali mwaka huu. Mama yako goti linaendeleaje? Mwambie dada yangu Monica aache kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, anunue ile ya kusaga ya dukani. Hasikii, lakini mwambie.

Barua hii anakuletea Eliya, dereva wa fuso la mihogo linalokuja soko la Mailimoja. Simu sikupigii. Kupata mtandao wa kuongea hapa mpaka nipande kilima cha zahanati, na nikifika kule nitafoka kijiji kizima kisikie, na mimi ndiye mwalimu wa taaluma.

Sasa nije kwenye hicho ulichoniachia. Mwezi uliopita ulikuja, ukaiondoa Windows kwenye kompyuta ya ofisi yetu, ukasema ni ya wizi na imejaa virusi, ukaweka hiyo Linux yako yenye picha ya kijani, ukala kuku wetu, ukaondoka. Stella, tangu siku ile sijapata amani. Printa haiioni. Printa iko pale mezani, imechomekwa, taa inawaka, umbali haufiki hata nusu mita, haiioni! Modemu nayo haiioni. Barua zenye nembo ya shule, nembo imeteremka imekaa juu ya jina la mkuu wa shule. Juzi imegoma kabisa kuwaka, ikanimwagia maandishi meupe kwenye giza, mistari kama mia hivi ya Kiingereza, halafu ikanyamaza. Nimefundisha miaka ishirini na tisa, sijawahi kudharauliwa na kitu namna hii. Inanitia kinyaa hata kuigusa.

Jema ni moja tu. Nimegundua inajua Kiswahili. Nimeingia kwenye mipangilio nikabadilisha lugha, na nikanyoosha na vitu vingine vidogo vilivyokuwa vimekaa kizungu. Sasa Matilda, mwandishi wetu wa ofisi, anasema walau anaelewa anachobonyeza. Huyu binti ana miaka kumi na moja hapa, anachapa bila kutazama vidole, na hata yeye nimemkuta anaisonya.

Nijibu haraka. Kama huna dawa, nirudishie virusi vyangu.

Mjomba wako,
Silvanus


Visiga, Kibaha
3 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Milele amina.

Mama anasema salamu zako amezipokea, na kuhusu mbuzi ya nazi anasema wewe hukuoa ili umpikie mtu, kwa hiyo unyamaze. Goti lile lile. Mimi mzima, duka linakwenda, wiki hii ni watoto wa kuomba vyuo tu, foleni mpaka barabarani.

Mjomba, nimeisoma barua yako mbele ya wateja nikacheka, halafu nikakasirika. Nina kompyuta nne hapa steshenari. Mbili zina Linux hiyohiyo ya kijani, mbili zina ile ya bluu. Mwaka wa nne huu. Sijaona kirusi, sijafomati, sijamwita fundi. Nikifika asubuhi nawasha, nachemsha chai, nikirudi zinanisubiri. Sasa iweje kwangu iwe nzuri na kwako takataka?

Nikukumbushe nilichokikuta mwezi wa saba. Nilipofungua lile boksi la kompyuta yenu ndani kulikuwa na mayai matatu ya mjusi, mavi ya mjusi mwenyewe, na mende waliokauka hadi nikawa nawatoa kwa kijiko. Kijiko kile nilikitupa. Harufu yake ilinikaa puani mpaka Kiluvya. Hiyo ndiyo mashine unayosema imekudharau wewe.

Ila printa ni kweli, kosa langu, sikuijaribu kabla ya kuondoka kwa sababu nilikuwa nawahi gari. Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina Linux ya bluu. Hiyo inazijua printa za zamani na modemu za aina yenu, haihitaji kubembelezwa. Nakili kwanza mafaili yote ya shule kwenye flashi nyingine. Halafu chomeka hii, washa, fuata maelezo niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii. Ikikuuliza kama ifute diski yote, jibu ndiyo, lakini SI KABLA ya kunakili. Mwambie Matilda akusomee kwa sauti, wewe una haraka ya kubonyeza.

Mjomba, na mfunike hilo boksi kitambaa.

Mpwa wako,
Stella


Chole
30 Septemba 2024

Stella mwanangu, marahaba.

Mama Anjela ameng'oa jino, sasa anataka nimnunulie samaki kila siku kwa sababu nyama ni ngumu. Anjela kaandika kutoka chuoni, anasalimu.

Nimeweka hiyo ya bluu. Matilda alisoma, mimi nikabonyeza, ikachukua mchana mzima na umeme ukakatika mara moja katikati, tukaanza upya. Nikapanga tena Kiswahili na vile vitu vyangu vidogo. Printa imeamka. Sikatai. Siku mbili nilikuwa mtu mwema, nikasalimia hadi wanafunzi waliochelewa.

Halafu ikaja hiyo mnayoiita apdeti. Nimechomeka modemu, nimetia bando kwa hela yangu, nimebonyeza. Unajua ilichoniambia? Eti faili ninalotaka kupakua bado halijaanza kutumika, nisubiri saa tano na dakika arobaini. Nikasubiri. Kesho yake nikajaribu, ikasema saa nne na dakika hamsini. Yaani wanaotengeneza hicho kitu wanatuma mafaili ya kesho? Nikaweka upya kila kitu, mara ya pili. Hadithi ileile. Bando limekwisha, mchana umekwisha, na mimi nimekaa natazama upuuzi. Nimechoka nayo mpaka nyongo. Wewe unayesema kwako inawaka chai haijapoa, sijui kwako inalishwa nini.

Na jambo jingine. Tangu printa ifufuke, walimu wanaigeuza mali ya baba yao. Mwalimu Hashiru wa hesabu anachapa kadi za michango ya harusi ya mdogo wake, rimu nzima ya shule imeisha. Nikimuuliza anakana uso mkavu. Kuna njia ya kujua nani kachapa nini?

Silvanus


Visiga
13 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Naandika nimesimama, samahani, dukani pamejaa. Mama mzima.

Hilo la apdeti ni saa. Mashine ikidhani iko nyuma ya wakati inakataa mafaili mapya, inaona yametoka mbeleni. Betri ya ndani imekufa, kompyuta kuukuu zote ndivyo zinavyofanya. Nimekuwekea betri mpya kwenye bahasha, ile ya duara. Fungua boksi, toa ya zamani, weka hii, halafu rekebisha saa.

Kuhusu kadi za Hashiru, ipo njia. Fungua ukurasa wa printa, nimeuandika hapa chini, bonyeza palipoandikwa kazi zilizokamilika. Utaona jina la faili, siku, na saa iliyochapwa. Ukitaka unaichapa hiyo orodha.

Nakimbia.
Stella


Chole
24 Novemba 2024

Mpwa wangu Stellamaris,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itawakuta salama. Mvua zimeanza, barabara imekatika mara mbili, Eliya hakupita wiki nzima. Betri niliiweka. Haikusaidia, nimeachana na apdeti, siyo lililonifanya niandike.

Tumepata msiba wa aina yake hapa shuleni. Mtihani wa kumaliza mwaka wa Kidato cha Tatu umevuja. Maswali ya hesabu na ya Kiswahili yalikuwa yanazunguka kijijini siku tatu kabla, watoto wameyakariri. Bodi ya shule imekaa. Mtihani ule tuliushika watu wawili tu, mimi niliyeutunga wote mwenyewe na kuutunza, na Matilda aliyeuchapa.

Nikakumbuka ulichonifundisha. Nikaifungua orodha ya printa, nikaichapa, nikaisoma mbele ya bodi. Mtihani unaonekana umechapwa Jumanne tarehe 12 Novemba, 02:17. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Thadeo, aliyekuwa karani wa reli, akahesabu hapohapo: saa nane na dakika kumi na saba za usiku. Matilda ndiye mwenye ufunguo wa ofisi. Alipoulizwa akasema hajawahi kuingia ofisini usiku maisha yake yote, akalia. Amesimamishwa kazi.

Jambo halikuishia hapo. Unajua watu wa huku. Mwanamke wa mtu saa nane usiku ofisini, hawaulizi mtihani, wanauliza alikuwa na nani. Mumewe Tito, yule seremala anayeimba kwaya, amemrudisha kwao Gwata pamoja na mtoto wao mdogo.

Sasa bodi inataka kulimaliza kwa maandishi. Wameomba kauli ya fundi aliyeiweka hiyo kompyuta, kwamba orodha ya printa haiwezi kukosea. Andika mistari mitatu tu, piga na muhuri wa duka lako. Nimekuambatishia nakala ya orodha. Eliya anarudi Alhamisi, mpe yeye.

Wasalimie.
Silvanus


Visiga
1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Mama anaendelea. Sisemi zaidi kuhusu familia leo.

Eliya nilimwambia Alhamisi aondoke bila barua. Nilikuwa na hiyo orodha yako mezani siku tatu. Nimeisoma mstari kwa mstari, kitu ambacho naona wewe na bodi yako hamkufanya, mlisoma mstari mmoja mlioutaka.

Kadi ya harusi ya mdogo wake Hashiru, 04:31. Ratiba ya usafi wa vyoo, 01:50. Barua ya wazazi, 03:05. Orodha ya waliofika, kila siku ya kazi, 01:40 hadi 01:55. Karatasi nzima, miezi miwili, hakuna hata mstari mmoja unaopita saa kumi na moja alfajiri. Mjomba, shule yenu yote inafanya kazi usiku? Hashiru anaamka saa kumi alfajiri kuja kuchapa kadi ya harusi? Vyoo mnavisafisha saa nane?

Na mtihani umo mara moja tu. Mara moja! Hiyo nakala halali, mliyoichapa asubuhi mkaifungia, iko wapi? Kama Matilda aliiba usiku, basi asubuhi hakuna aliyechapa chochote, na watoto walifanya mtihani wa hewa.

Uliniandikia tangu mwezi wa nane kwamba umenyoosha vitu vidogo vilivyokaa kizungu. Kumbe ulinyoosha saa. Ulizima saa inayojirekebisha yenyewe, ilipofika saa mbili asubuhi ukaiandikia 2:00, ili isome kama anavyosoma mtu. Ndiyo maana apdeti iligoma. Ile mashine iko nyuma saa sita kamili, na kila mtu hapo ofisini anajua, kwa sababu kila mtu akitazama kwenye kona ya skrini anaona mbili na kusema ni saa mbili. Mpaka ilipoandikwa kwenye karatasi ikaenda kwa Mzee Thadeo, ndipo ghafla ikawa ya kizungu.

Na mimi ni mjinga vilevile. Ulipolalamika sikukuuliza saa inasomaje, nilikurushia betri kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, nikarudi kwa wateja wangu. Hilo langu, nalibeba.

Sitaandika hiyo kauli. Matilda aliuchapa mtihani saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, kazini, kama alivyotakiwa. Nenda kesho kwa mkuu wa shule ukaseme. Kesho, Mjomba.

Stella


Chole
16 Desemba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Noeli inakaribia, Mama Anjela amenunua kitambaa cha meza chenye maua hata sijui ni cha nini, meza yenyewe haina mguu mmoja. Anjela amefika likizo, amenenepa, tunamshukuru Mungu. Mvua imeharibu mahindi ya bondeni lakini mihogo imestahimili, nimekutumia gunia moja la mikavu, Eliya atakushushia mlangoni. Mama yako alikuwa anapenda ile nyeupe, nimemchagulia mwenyewe. Mapadre wamebadilishwa, huyu mpya anahubiri kwa ufupi.

Kuhusu lile jambo. Nimeelewa hoja yako. Mambo ya saa na mipangilio ni mambo ya mafundi, na mafundi wenyewe hamkubaliani, wewe kwanza ulisema betri. Bodi imeshafunga faili. Shule imefungwa, walimu wametawanyika. Kulifukua sasa ni kuwapa watu maneno upya, na wa kwanza kuumia atakuwa huyohuyo Matilda. Ni binti mwepesi, atapata kazi popote. Na kule kwa Tito palikuwa hapajatulia tangu zamani, wanasema.

Dukani kwako vipi, msimu wa sikukuu wateja wapo?

Nawatakia Noeli njema.
Mjomba wako,
Silvanus


Visiga
5 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Gunia la mihogo linarudi na Eliya. Mama aliuliza, nikamwambia ilifika imeota ukungu. Ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nianze kujitegemea, na nimeusema kwa ajili yako.

Tarehe 28 nilifunga duka nikaenda Gwata. Sikuwa namjua Matilda zaidi ya kumwona akinisomea majina ya mafaili mwezi ule wa saba. Nilimkuta kwa wazazi wake anapukuchua mahindi, mtoto mgongoni. Nikajitambulisha, nikamwambia kuhusu saa. Hakulia wala hakufurahi. Aliendelea kupukuchua, akaniuliza kama nimekula.

Halafu akaniambia jambo moja ambalo kwenye barua zako zote halimo. Kwamba Jumanne ile asubuhi, alipokuwa anachapa mtihani, Mwalimu Silvanus alikuwa amesimama pembeni yake. Kwamba kila karatasi iliyotoka printa alikupa wewe mkononi. Kwamba mbele ya bodi alikutazama akisubiri uliseme hilo, na wewe ukawa unatazama karatasi.

Mjomba, nilitoka pale nikasimama barabarani, gari la kwanza likanipita. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Wewe ndiye uliyesimama kanisani siku ya kipaimara changu. Na wewe ulikuwa unaniomba muhuri wangu nikandamize mwanamke ambaye unajua hakufanya kitu! Nilidhani Linux ya kijani ndiyo inayokutia kinyaa. Mimi kinyaa changu sasa kiko kwingine, na unajua ni wapi.

Bodi inakaa Jumamosi tarehe 18, nimeuliza. Usiposema wewe nitakuja na fuso la Eliya niseme mimi, na nitaiwasha ile kompyuta mbele yao waione saa kwa macho yao. Mama sijamwambia bado.

Stella


Chole
27 Januari 2025

Stella,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama Anjela anakusalimu, na Anjela amerudi chuoni. Mihogo iliyorudi tumeila wenyewe. Sikumwambia mke wangu kwa nini imerudi, akafikiri mmeshiba huko mjini.

Nimesema. Tarehe 18, kabla hawajafungua kikao kwa sala, nilisimama. Nikawaambia saa ile niliipanga mimi, kwa mikono yangu, mara tatu, kila nilipoweka upya hiyo takataka. Nikawaambia Matilda alichapa asubuhi na mimi nikapokea. Mzee Thadeo akaniuliza swali moja: "Mwalimu, ulilijua lini hili?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema barua yako ndiyo iliyonifungua macho. Nililala nalo siku kumi jibu hilo. Lakini nikasema kweli. Nililijua siku ileile. Nilipokuwa nasoma ile orodha kwa sauti nilikuwa nasoma ninavyoisoma siku zote, mbili na kumi na saba, na Mzee Thadeo akasema saa nane usiku. Nilijua palepale. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, Mzee, hiyo ni asubuhi." Maneno matano tu.

Sikusema kwa sababu tuliuona mtihani watu wawili tu. Matilda akitoka, ninabaki mimi. Na ile bahasha ya mtihani, Stella, baada ya kuchapa sikuifungia. Ufunguo wa sefu ulikuwa nyumbani, nikaona uvivu, nikaiweka kwenye kabati la ofisi ya walimu lisilo na kitasa, ikalala pale siku mbili. Nani aliifungua sijui mpaka leo. Ningesema asubuhi, wangeniuliza ilikaa wapi. Na nilijua mwandishi wa ofisi ni rahisi kumfukuza kuliko mwalimu wa taaluma. Hayo yote niliyahesabu ndani ya dakika moja, mbele ya msalaba wa ukutani. Uliniambia kinyaa chako kiko wapi. Changu kiko hapohapo.

Taaluma wameninyang'anya. Nitafundisha darasani mpaka nistaafu, nimekubali, sikubishana.

Jumamosi hii iliyopita tulikwenda Gwata kumwomba radhi, mimi na mkuu wa shule, kwa gari lake. Tito akaomba twende naye. Alinyoa, akavaa suruali yake ya kwaya, kabeba doti ya kitenge kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima alikuwa anaongea kwa furaha, anasema sasa ukweli umejulikana mke wake atarudi na yatakwisha. Sina mdomo wa kumshauri mtu.

Matilda alitupokea vizuri. Akatoa viti, akatupa maji. Mkuu wa shule akasoma barua ya kumrudisha kazini na mishahara yake ya miezi yote. Mimi nikapiga magoti, Stella. Wazazi wake wakanikataza, nikapiga tu, nikasema nilikuwa najua na nikanyamaza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inuka, Mwalimu, sakafu imemwagiwa maji." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza.

Halafu akamgeukia mkuu wa shule, akasema kazini atarudi Jumatatu ya kwanza ya Februari, atakaa kwa dada yake pale Chole, jirani na kanisa. Tito akauliza kwa nini akae kwa dada yake na nyumba yake ipo. Akamsogezea ule mfuko wa kitenge.

Matilda hakuupokea. Alizungumza taratibu, nakuandikia alivyosema.

"Hawa wa bodi waliletewa karatasi. Walikuwa mbali, hawakuniona usiku ule, wakaamini. Wewe tunalala kitanda kimoja. Mimi nalala ukutani, wewe upande wa nje. Nikitaka kutoka usiku, hata kwenda msalani, lazima nikuruke, na kila nikikuruka unaamka unalalamika. Tito, mimi usiku ule nilikuruka?"

Mkuu wa shule akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni. Tito alikuwa ameshika mfuko wake, anamtazama mtoto, na mtoto alikuwa amelala.

"Hapana," akasema. "Hukuniruka."

"Ulilijua hilo lini?" Matilda akamwuliza.

Tukarudi Chole na Tito, kitenge bado kiko mkononi mwake.

Mjomba wako,
Silvanus